Jumatatu Baada ya Cedric

Bronx, 9 Januari 2003

Netta mwanangu,

Za kwangu ndizo hizi: nimeamka, goti la kushoto linalalamika, la kulia limenyamaza, na kwa yote namshukuru Mungu. Chuma cha kupashia joto nyumbani kinagonga kama mtu anayedai kufunguliwa mlango, lakini joto lenyewe halitoki. Mwaka mpya nilipika kunde na wali, na sukuma wiki kwa shingo ya bata mzinga. Nilikula sahani yangu, nikala na yako, maana mwaka usiofunguliwa kwa kunde ni kujitafutia balaa. Wewe ulikula nini huko Oakland? Usiniambie majani mabichi.

Shangazi yako Lurleen wa Carolina anaumwa mguu, ile sukari. Mwombee. Mjomba Hollis ameuza lile gari lake bovu na sasa analia kama amefiwa.

Naandika kwa sababu kwenye simu nasahau nililotaka kusema, halafu tunaishia kulia sote wawili. Unajua nimeishia darasa la nne, mashamba ya tumbaku ya watu yakanitoa shule, kwa hiyo nivumilie.

Wiki iliyopita alikuja Bwana Tolliver, huyo anayechapa kitabu chako. Mtu mwenye adabu, alivua kofia mlangoni. Nilimpa keki ya siagi, akala vipande viwili. Nikafurahi. Jumamosi nikaenda saluni kwa Earlene kusukwa, nikawaambia wenzangu, binti yangu anatoa kitabu, anakichapa Tolliver. Peaches akapiga kelele kutoka kwenye kiti: "Tolliver! Huyo ndiye mwenye vile vitabu vya bunduki na wanawake waliosahau kuvaa! Bi Odessa, niwekee changu!"

Basi usingizi umenikimbia. Netta, ni kitabu cha namna ile? Na Cedric yumo? Kaka yako hakuuza unga hata siku moja. Alikuwa anapiga santuri kwenye sherehe za mtaa, akapigwa risasi ya watu wengine akiwa amebeba kreti lake la santuri, na mtaa mzima unajua hivyo. Jina lake ndilo kitu pekee nilichofanikiwa kukizika kikiwa safi. Niambie yumo vipi.

Vaa soksi. Watu wanasema huko hakuna baridi lakini mimi siamini.

Mama yako,
Odessa

*

Oakland, 2 Februari 2003

Mama,

Samahani kwa kuchelewa. Shule imenibana, wanafunzi wanamaliza muhula na nusu yao hawajanipa insha. Nakula vizuri. Kunde nilipika, za kopo, usinikasirikie. Mpe pole shangazi Lurleen.

Hapana Mama, sikuandika kitabu cha namna ile. Hizo za Tolliver ni riwaya za mtaani. Zinamfuata mtu mwenye bunduki na fedha: anapanda, anatawala, anasalitiwa, anakufa au anafungwa. Mtaa wenyewe ni kama pazia nyuma yake. Ninachoandika mimi kinaitwa fasihi ya hip hop, na watu wengi wanadhani ni kitu kimoja kwa sababu vyote vinazungumza Kiingereza chetu na vyote vinatoka kwenye majengo yaleyale. Lakini hip hop haikuanzishwa na wauza unga, Mama, unajua wewe kuliko mimi. Ilianzishwa na vijana waliokuwa na mashine mbili za santuri na mtaa ulioungua. Kitabu cha hip hop kinauliza nani aliuchoma mtaa, nani aliendelea kucheza juu ya majivu, na walisema nini. Risasi inaweza kuwemo, lakini si mfalme.

Hata namna ya kuandika ni tofauti. Kitabu changu kinasimulia mchana ule mmoja wa Cedric, halafu kinarudi mwanzo, kinausimulia tena kwa sikio lingine, kisha tena. Kama alivyokuwa anafanya yeye na sahani mbili za santuri zinazofanana, anarudisha kile kipande cha ngoma tupu ili kisiishe.

Kuna jambo moja nakuomba. Mimi nilichukuliwa na mjomba Hollis kwenda Carolina Jumapili ile baada ya Cedric kupigwa risasi, hata mazishini sikuwepo. Sijui wiki ile ilikuwaje nyumbani. Hukuwahi kuniambia. Nahitaji kujua.

Wako,
Vonetta

*

Bronx, 11 Februari 2003

Netta,

Barua imefika na ndani yake nimekuona mzima, ingawa huo mwandiko wako umekonda. Theluji imefika madirishani. Mzee Purvis ameteleza ngazi za kanisa akavunjika mkono, na kanisa zima tunampelekea supu mpaka mkewe ameomba tuache.

Nimesoma ufafanuzi wako kwa kidole, mstari kwa mstari, na mahali pengine nimekuelewa. Ila acha nikuambie kitu. Usividharau sana vile vitabu vya mtaani. Mimi mama yako sikuwahi kumaliza kitabu isipokuwa Biblia, na hata hiyo Mambo ya Nyakati niliruka. Cha kwanza kukimaliza kilikuwa cha Peaches, kilichochanika jalada, nilikisomea chini ya mashine ya kukaushia nywele. Nikataka kujua yule msichana atafanya nini na yule mwanamume muovu. Nikaendelea nacho kwenye treni, nikasahau kushuka kituo changu. Peaches mwenyewe alikuwa hasomi hata gazeti, leo anabishana na watu kuhusu sura ya ngapi nani alidanganya nani. Hilo si dogo.

Mimi naona ni kama usiku wa ushuhuda kanisani. Mzee Purvis akisimama kutoa ushuhuda anakueleza dhambi zake zote: kamari, pombe, yule mwanamke wa Newark. Anazieleza kwa ladha! Watu wanaegemea mbele. Halafu Yesu anampata dakika ya mwisho kabisa, amini. Lakini Mama Gaskins akisimama husema, "Nimeamka asubuhi, miguu ikanibeba," akaanza kusimulia jinsi alivyovuka barabara kwenda kununua maziwa. Hakuna mwanamke wa Newark ndani yake. Na ndipo watu wanapotafuta leso. Wote wawili ni mashahidi. Nadhani wewe unataka kuwa Mama Gaskins. Ni sawa. Lakini Purvis ndiye anayejaza kanisa.

Huko kurudiarudia nakukumbuka. Nilikuwa nagonga mlango wa Cedric kwa ufagio: "We Cedric, hiyo sahani imekwama?" Naye anajibu, "Haijakwama Mama, nairudisha mwenyewe. Watu wanataka kukaa hapo."

Sasa, binti, umeniandikia kurasa na kurasa za kunifundisha, na swali langu umelipita kama mtu anayempita mdai wake sokoni. Cedric yumo vipi?

Wiki ile unayoiuliza, tuiache.

Mama

Nimesahau: Bwana Tolliver alinipigia simu akaomba picha ya Cedric ya kuweka kwenye kitabu. Nimempelekea ile nzuri kabisa, ya ule ukumbi wa kutelezea kwa viatu vya magurudumu, amevaa koti la kahawia nililomnunulia, anacheka. Nikajua utafurahi.

*

Bronx, 16 Machi 2003

Netta,

Sijapata neno lako. Nimepiga simu, inaita mpaka inakata tamaa. Kama unaumwa niambie, nitapanda basi hata kama ni siku nne, nitakuja na chungu changu.

Lurleen wamemkata vidole viwili vya mguu. Anasema amepungukiwa pa kupaka rangi, basi. Unamjua.

Sijui nianzie wapi. Jana Jumamosi niliingia saluni nikakuta Peaches ameshika karatasi inayong'aa. Tolliver amegawa majalada kwenye saluni zote kabla ya kitabu, ili watu waanze kukitamani. Cedric wangu yuko pale. Netta, unaikumbuka picha ile. Mpiga picha wa ukumbini alikuwa ametundika shuka kubwa lililochorwa gari refu jeupe, chupa za mvinyo na mafurushi ya noti, na kila kijana wa mtaa alisimama mbele ya shuka hilo akajifanya anaegemea mlango wa gari. Kwenye picha yetu mkunjo wa shuka unapita katikati ya gari, mtu yeyote anauona. Kwenye jalada mkunjo haupo. Wameufuta. Gari ni gari. Noti ni noti. Na nyuma wameandika: "Aliutawala mtaa. Mtaa ukadai chake."

Peaches akasema, "Bi Odessa! Kumbe mlikuwa na mapesa namna hii, na unakuja hapa kusukwa kwa bei ya wazee!"

Watu wakacheka. Earlene akamwambia, "Wewe nyamaza, lile ni shuka la ukumbi. Hata mimi nina picha na gari hilohilo, niko na mume wangu wa kwanza. Gari halikuwa la kweli, na mume vilevile."

Nikacheka na mimi, nifanyeje. Wa umri wetu wote walilijua shuka. Lakini kulikuwa na binti mmoja mdogo anasubiri zamu yake, mpole, mwenye heshima, akanigeukia akaniuliza, "Pole Bi Odessa. Alikuwa wa genge gani?" Aliniuliza hivyo, Netta, kama mtu anayeuliza mwanao alisoma shule gani.

Niliinuka kitini kabla Earlene hajamaliza. Nilitoka na nywele nusu zimesukwa nusu wazi, nikavaa kofia mpaka nyumbani.

Mimi ndiye niliyempa picha. Nilitazama uso, sikutazama shuka. Sisi tuliozeekea hapa hatulioni lile shuka. Lakini maneno ya nyuma si yangu. Ni ya nani?

Mama yako

*

Oakland, 30 Machi 2003

Mama,

Siumwi. Usipande basi. Nilikuwa naiona simu inaita na najua ni wewe, sikuweza kuinua.

Nimekuandikia barua nyingi nikazichana. Hii nitaipeleka posta kabla sijaisoma.

Maneno ya nyuma ni ya Tolliver. Lakini ndani, Mama, ndani ni yangu. Alipokisoma mara ya kwanza aliniambia lugha ni nzuri, ila kitabu hakitauzika. Alisema, "Kijana anapigwa risasi bure? Msomaji atakitupa ukutani. Lazima kuwe na sababu. Na mbona unarudia mchana uleule mara tatu? Songa mbele, dada, risasi iko wapi?" Nikamkatalia. Wachapishaji wengine niliowapelekea waliniambia kitu kilekile kwa maneno marefu zaidi, halafu wakaacha kujibu. Nikarudi kwake. Nikaandika sura moja ambamo Cedric anamshikia rafiki yake mzigo wa unga, mara moja tu. Nikajidanganya kwamba mara moja si kitu. Kisha akaomba ya pili, nikampa.

Nilikuandikia ile barua ya kufafanua tofauti wakati sura hiyo imeshakaa mezani kwangu. Nadhani nilikuwa najifafanulia mwenyewe.

Unajua kwa nini nilikubali? Kwa sababu kitabu changu kinaishia kwenye risasi. Narudi mwanzo, nasimulia tena, naishia palepale. Mara ya tatu, palepale. Sina kinachofuata. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimelala kiti cha nyuma cha gari la mjomba Hollis. Mtu akiwa hana kinachofuata, Tolliver ndiye anayemwandikia.

Anakuja kwako wiki ijayo. Picha ni mali yako, bila ruhusa yako ya maandishi hawezi kuitumia kitabuni, na ameshatengeneza kila kitu juu ya picha hiyo. Ukimruhusu, kitabu kitatoka mwezi wa sita na kitasomwa kila saluni. Ukikataa, anasema hatakitoa. Sikushauri kitu. Sina uso wa kukushauri.

Ila nakuuliza tena, kwa mara ya mwisho. Ilikuwaje wiki ile?

Netta

*

Bronx, 14 Aprili 2003

Netta mwanangu,

Pasaka inakuja na nimeshanunua nyama ya paja, ndogo, maana nani wa kula. Lurleen ametembea kwa fimbo mpaka kwenye sanduku la barua na kurudi. Nimemaliza kusukwa ile nusu iliyobaki, Earlene hakunitoza na wala hakuniuliza kitu. Peaches alikuja kuniomba radhi nyumbani, analia, na kitabu kingine mkononi cha kuniazima. Nimekipokea.

Bwana Tolliver amekuja. Alivua kofia. Nikamwambia aketi.

Akasema, "Bi Odessa, kwa heshima zote. Mimi pia kitabu cha kwanza nilikisoma gerezani, cha mtaani hivihivi. Watu wetu walikuwa hawasomi. Leo wanasoma. Usivitukane vitabu vyangu."

"Sivitukani. Ninacho kimoja hapo juu ya friji. Mtu akijitungia mtu wake akamfanya muuza unga, mimi nasoma na kahawa. Huyu ni mwanangu."

"Jina tutalibadili."

"Na uso?"

Kisha akasema, "Mama, mtu hapigwi risasi bure kitabuni. Msomaji atauliza kwa nini."

Nikamwambia, "Mimi nimeuliza. Nimeuliza polisi, nimeuliza mchungaji, nimemuuliza Mungu na mlango nimefunga. Sijajibiwa mpaka leo. Sasa wewe unampa jibu mnunuzi wa dukani ambaye hata hakumjua, kabla mimi mama yake sijapewa?"

Aliigeuza kofia yake mara nyingi sana. Sidhani ni mtu mbaya. Akasema, "Basi, bila picha hakuna kitabu."

Nikasema, "Basi hakuna."

Akatoa picha mfukoni mwa koti akaiweka mezani, yetu ya kweli, yenye mkunjo. Halafu aliuliza kama keki ipo. Nilimkatia. Naye alizaliwa na mtu.

Kwa hiyo, binti yangu, nimekuharibia kitabu. Najua miaka uliyokaa nacho. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie, lakini pokea simu. Na zile sura mbili zichome wewe mwenyewe, mimi sitaki kuziona wala kuzisamehe kwa kuzisoma.

Sasa hili la wiki ile. Sikukunyima kwa ubaya. Niliona aibu, kwa sababu watu walisema sana, mama gani huyo. Nitalisema mara moja tu, na wewe ulirudie utakavyo.

Wewe na Hollis mliondoka Jumapili. Nyumba ikajaa watu wa kanisa, kuku wa kukaanga kila mahali, kila mtu ananiambia keti, Odessa, keti. Nikaketi. Mikono yangu ikawa haina kazi. Unajua mikono yangu. Jumatatu alfajiri nilivaa sare, nikawapita wanawake waliolala sebuleni, nikaenda kazini kwenye dobi, chumba cha kufulia cha hospitali. Mwanangu hajazikwa, mimi natembea kwenda kukunja mashuka. Hilo ndilo walilolisema.

Pale dobi unakumbuka mikokoteni ya mashuka machafu inavyoshuka kutoka wodini. Kila mtu ana wake. Wangu ulikuwa wa chumba cha upasuaji na wa majeruhi, miaka yote, kwa sababu damu ilikuwa hainitii kichefuchefu. Nikafika, nikafunga aproni. Hakuna aliyenisalimia. Inez, yule wa Puerto Rico aliyekuwa anaimba tangu anaingia mpaka anatoka, hakuimba. Mkokoteni wangu ukashuka. Nilipoinua tu turubai ili nianze, Bernice akaja, yule mnene aliyekuwa hanipendi, tuligombana naye juu ya kiti mwaka mzima. Akaushika mkokoteni wangu akausukuma upande wake, akaniletea wa kwake.

Ulikuwa wa wodi ya wazazi. Vitambaa vya watoto wachanga, Netta. Hakuna kingine ndani, vitambaa vya kuwafungia watoto wachanga, vya pamba, vyenye mstari wa bluu na waridi. Vilipotoka kwenye mashine nikakunja. Kitambaa cha mtoto ukikikunja vizuri kinakuwa kama kiganja. Vikija vingine, wananiletea. Msimamizi akapita, akaona watu wamebadilishana mikokoteni, kitu ambacho ni kosa, akageuka akarudi alikotoka. Jumanne vilevile. Jumatano Inez akaanza kuimba, lakini chini chini. Wiki nzima wale wanawake walibeba damu ya hospitali nzima ili isipite mikononi mwangu, na hakuna hata mmoja aliyeniambia pole. Wangeniambia pole ningeanguka.

Ijumaa tulimzika kaka yako. Watu walijaa mpaka barabarani, wale vijana wake walivaa fulana zenye sura yake, wamesimama wima kama askari. Hayo uliambiwa.

Jumatatu iliyofuata nikafunga aproni. Bernice alikuwa amesimama katikati ya mikokoteni miwili, wa kwake wa watoto na wa kwangu wa damu, mkono mmoja kwa kila mmoja, ananitazama, anangoja.

Nikamwambia, "Lete wangu."

Mama yako,
Odessa